Marehemu Aliyetuachia Pochi

Fundi mikoba alisoma habari za kifo chake saa nne asubuhi, gundi ikiwa bado mbichi vidoleni. Zilikuwa ndani ya kamusi mpya, chini ya neno "pochi": asili yake ni mlio wa kifungo kikifungwa, *poch*, kwa mujibu wa fundi mmoja mzee wa mikoba, sasa marehemu. Alirudia mara mbili. Hakuna aliyempa pole.

Kamusi ile aliileta binti yake pamoja na barua ya kukataliwa kazi. Binti alisomea lugha miaka minne, halafu akakaa mitatu akishona zipu za mikoba ya watu huku shahada yake ikining'inia ukutani jirani na mkasi. Juzi ofisi ya kamusi ilimwita kwenye usaili. Mwenyekiti wa jopo, Daktari mmoja aliyependa sana sauti yake mwenyewe, alimwuliza neno pochi limetoka wapi. Binti akasema ni neno la kukopa, na hiyo hadithi ya mlio haina ushahidi. Barua ikamjulisha kwa heshima zote kwamba hana masikio ya lugha.

"Mwanangu," fundi alisema, "huyo marehemu ni mimi."

Akamweleza yote. Miaka kumi na mitano nyuma alikuja kijana wa chuo na daftari, akiulizia vyombo vya kuwekea pesa. Fundi alimjibu kwa haki kabisa. Alimweleza habari za mkoba. Alimwonyesha kibindo kwa kukunja pindo la nguo kiunoni. Akafika hadi kwenye mfuko, neno ambalo wakubwa hulitumia kwa fedha ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Kijana alipiga miayo. Ukweli ulikuwa haununuliki, na mezani kulikuwa na pochi mbili zilizokosa mteja tangu mwaka uliopita. Ndipo fundi alipomzua babu wa babu yake, akamvisha kifungo cha shaba, akakifunga: *poch*. Kijana akajaza kurasa tatu na kuondoka na pochi zote mbili. Kwa kurasa zile akawa Daktari, huyohuyo wa usaili.

Binti hakucheka. Aliuliza tu kama alimpunguzia bei. Fundi akakiri kwamba alimpunguzia, na hilo nalo likamuuma.

Kesho yake alivaa shati la kwenda mbele za watu, akaenda ofisi ya kamusi kuungama. Ilikuwa nyumba ya makabati tu, kila kabati limejaa vikadi, na kila kikadi kina neno moja lililolala humo likisubiri kikao. Karani alimwuliza yeye ni nani. Fundi akasema ni yule marehemu wa kwenye herufi P. Karani, ambaye kwa kazi ile hakuna kilichomshangaza tena, akamwambia akae.

Daktari alimsikiliza huku akipanga kalamu zake. Alisema chanzo kilichotajwa kitabuni kilikwisha kufariki, na kitabu kimepitiwa na wataalamu sita. Fundi akamkumbusha pochi mbili, moja nyeusi, nyingine ya kahawia yenye mshono uliopinda pembeni. Daktari aliacha kupanga kalamu. Akainuka, akafunga mlango.

"Mzee wangu, tuongee kiutu uzima. Yule binti ana kichwa kizuri. Anaweza kuanza Jumatatu."

"Na mimi?"

"Wewe endelea kupumzika kwa amani."

Fundi alijua anachouziwa na bei yake. Aliwaza zile zipu, na jinsi binti anavyovifinya vidole vyake jioni akidhani haonekani. Kunyamaza kungemgharimu nini? Alipofika watu walikuwa wamekwisha kumzika, wala hakuchangia hata sanda. Akachukua fomu ya ajira iliyosukumwa kwake, akashukuru, akarudi nyumbani akijiona mwanamume.

Binti alimsikiliza akiwa kwenye cherehani. Alifuta meza, akachukua kalamu, akaanza kujaza. Aliandika tarehe ya kuzaliwa, elimu, anwani. Kisha kalamu ikasimama.

"Wanauliza baba. Yu hai au ni marehemu?"

Fundi hakulitegemea hilo. Kufia kitabuni, mbele ya watu asiowajua, kulikuwa kama mchezo. Kufa hapa, kwa mkono wa mwanawe, palepale alipomfundisha kushika kalamu, kulikuwa kufa kweli. Hata hivyo akajikaza.

"Andika marehemu. Karatasi tu hiyo, mama. Jumatatu utaanza kazi."

Binti alimtazama. Alikuwa na hasira, na fundi aliiona, akainamisha macho kwenye ngozi iliyokuwa mbele yake. Akaisikia kalamu ikikwaruza, ikaendelea kukwaruza kupita urefu wa jibu lililotakiwa.

Alipoinua macho, fomu ilikuwa imegeuziwa upande wake. *Yu hai*, ilisema, kwa herufi kubwa zilizovuka mstari. Chini yake, penye kazi ya mzazi, binti alikuwa ameandika: *Fundi mikoba. Ndiye aliyemdanganya Daktari kuhusu neno pochi, na yuko tayari kuulizwa.*

"Tia sahihi hapo, baba," alisema, akamkabidhi kalamu.