Juu ya Kichwa cha Mama Mkwe

Sabiri hakuwahi kumwona mama mkwe wake akila, wala yeye hakuwahi kuonwa na mama mkwe wake akitafuna hata karanga. Kila alipofika na mkewe Shamila nyumbani kwa mama huyo, nje kidogo ya Kwihara, alisimama kwenye uzio wa minyaa, akakohoa, akasubiri. Ndani, Bi Mwanahawa aliinuka, akajifunika khanga mpaka usoni na kutokea mlango wa nyuma. Hapo ndipo Sabiri aliingia uani. Dini yao haikuwadai hayo. Shehe aliyewafungisha ndoa alilisema wazi mbele ya watu, watu wakacheka, wakaitikia, kisha wakaendelea na ukwe wao wa Kinyamwezi kama walivyoukuta.

Lakini walipendana, na Shamila aliyekaa katikati yao alijua. Sabiri hakwenda Kwihara bila sukari na sabuni kutoka mjini. Mama alimchagulia yeye firigisi na mapaja ya kuku, naye mwenyewe akala shingo. Maneno yao yote yalipitia kwa Shamila, hata walipotenganishwa na ukuta mmoja tu.

"Mwambie mumeo amekonda," mama alisema siku moja kutoka jikoni.

"Mama, anakusikia."

"Najua ananisikia. Mwambie."

Shamila akageuka. "Sabiri, umekonda."

"Mwambie mama mpishi ni mwanaye," Sabiri akajibu.

Jikoni kikasikika kicheko kilichozibwa kwa khanga.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe, moja ya chache zilizobaki upande ule. Aliijenga babu wa marehemu mume wa Bi Mwanahawa, wakati wapagazi wakipita hapo na mizigo ya kwenda Ujiji. Kuta zake zilikuwa nene, na paa lake bapa: boriti, juu yake fito, juu ya fito majani, na juu ya yote udongo wa kichuguu uliopigwa ukashikana. Kila mwaka kabla ya mvua mama alipandisha watu wakaukandika upya. Upande wa mashariki kilikuwa chumba chake cha kulala, ambacho marehemu alikijenga upya kwa boriti za mninga mwaka aliomwoa. Upande wa magharibi kulikuwa na sebule na ghala la karanga, na boriti zake zilikuwa zile za tangu enzi ya babu.

Majidi, kaka yake Shamila, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Tabora, hakulipenda tembe lile.

"Mama, unaishi ndani ya kichuguu," alisema. "Watu wana bati, wana umeme. Wewe una kibatari."

"Mimi ni malkia wa mchwa, baba. Malkia hahamishwi."

"Usiku mmoja litakuangukia."

"Lingekuwa la kuanguka lingemwangukia bibi yako. Yeye ndiye alikuwa na ulimi kama wako."

Mwishoni wakapatana mbele ya Shamila. Mama angepata umeme wa jua bila kuondolewa udongo juu ya nyumba yake, na Majidi asingerudia tena habari ya bati. Ila nyumba ikileta matatizo, hata mara moja, mama angehamia kwake mjini na tembe lingebomolewa. Mama alikubali haraka, kwa sababu mkwewe alikuwa fundi sola, na alimwamini.

Sabiri alikuwa amefunga paneli nyingi, Tabora na kwao Goweko, zote juu ya bati. Juu ya udongo ilikuwa kazi nyingine. Bolti moja ingetoboa paa, na kila tundu ni mlango wa maji. Akachomelea fremu ya chuma ya kukaa tu juu ya paa bila kutoboa, ikandamizwe na mawe isipeperushwe na upepo. Ilikuwa nzito, na alijua ni nzito. Siku ya kazi, mama akiwa ameenda kwa jirani ili kumpisha, alipanda ngazi na kutembea polepole upande wa magharibi. Shamila alibaki kwenye ngazi, akimtazama kisigino. Mahali pamoja kisigino kilizama kidogo.

"Hapa panabonyea," Sabiri akasema.

"Weka upande wa pili. Mashariki kuna mninga."

Sabiri alitazama upande ule na kuacha kutazama, kama mtu aliyechungulia chumba kisichomhusu.

"Chini yake kuna nini?" akauliza, ingawa alijua.

"Kitanda cha mama."

"Basi umejijibu. Nitembee juu ya kichwa cha mkwe wangu? Halafu kila paneli zikichafuka nirudi kutembea tena, naye yuko chini amelala? Bora uniambie nimvue khanga sokoni."

"Tumwulize."

"Utamwuliza vipi, Shamila? Utamwambia, mama, mkweo anaomba kukukanyaga?"

Shamila alijaribu kuyapanga maneno hayo kichwani kwa adabu. Kila alivyoyapanga yalitoka vilevile.

Sabiri hakuwa mzembe. Aliingia sebuleni akagonga boriti moja moja, Shamila akimshikia tochi. Zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka, na ncha zake zilizama ndani ya ukuta, zikasiribwa udongo mahali ambapo jicho halifiki. Zilizogongeka zilitoa sauti nzuri. Kwa tahadhari akasimamisha nguzo katikati ya chumba, chini ya fremu. Akaitikisa kwa mikono yote miwili. Ikakaa.

Jioni mama alirudi, akasimama nyuma ya ukuta.

"Mwulize mumeo, kwa nini paneli ameziweka magharibi?"

Sabiri alimtazama mkewe. Shamila akasema, "Huko ndiko jua linakaa sana, mama."

Jua lilikuwa lilelile pande zote mbili. "Haya," mama akasema. "Yeye ndiye fundi."

Taa ziliwaka. Kwa muda nyumba ile ilikuwa na furaha ambayo Shamila hakuikumbuka tangu baba yake afariki. Betri na soketi zilikuwa sebuleni, majirani wakaja kuchaji simu na kukaa kuzungumza. Mama, aliyezoea kujifungia mapema chumbani, sasa alikaa sebuleni akibambua karanga chini ya taa, akiwatania wanaokuja. Majidi alifika, akazunguka nyumba mara moja, akaitazama nguzo.

"Vizuri," akasema. "Tusubiri mvua."

Mvua za mwaka ule hazikuwa za kunyesha na kupita. Zilikuja zikakaa. Udongo wa tembe hunywa maji, kisha jua likitoka huyarudisha. Lakini jua halikutoka, na chini ya paneli, hata lilipochungulia, hakukukauka. Mjini Sabiri alikuwa akiamka usiku na kusikiliza mvua juu ya bati lao.

"Twende Kwihara," akasema alasiri moja. "Nataka niione ile nguzo."

Walifika wamelowa. Anga lilikuwa jeusi kama usiku umeingia, na dirisha la sebule liling'aa kwa taa. Sabiri akasimama kwenye uzio, akakohoa. Mvua ikameza kikohozi chake. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Hasikii," Shamila akasema. "Ngoja nikamwambie."

Alikuwa amefika katikati ya ua taa ilipozimika. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Ilikuwa kama mnyama mzito amelala chini na kupumua. Kisha fremu ikateleza, kioo kikapasuka, na upande wa magharibi wa paa haukuwapo tena.

Nguzo ya Sabiri ilikuwa bado imesimama. Boriti ndizo zilizochomoka ukutani, ncha zake zimeliwa na mchwa zikawa unga. Mama alikuwa amefukiwa udongo mpaka kiunoni, boriti imelala juu ya nyonga yake. Shamila alikimbilia ndani, akavuta, akasukuma kwa bega. Boriti haikusogea. Juu yao udongo uliendelea kudondoka, vipande kwa vipande.

"Ita majirani," mama akasema.

"Wako mbali, mama. Sabiri yuko hapa."

Sabiri alikuwa mlangoni, uso ameugeuzia nje kwenye mvua.

"Mwambie asiingie," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Shamila, mwambie. Sina khanga."

Khanga yake ilikuwa chini ya udongo. Shamila alivua mtandio wake mwenyewe, uliolowa, akamfunika mama uso wote. "Njoo," akamwambia mumewe. "Njoo sasa."

Sabiri aliingia akitazama ukuta. Aliinua boriti akitazama ukuta, mishipa imemtoka shingoni, mpaka Shamila akamvuta mama pembeni. Lakini kumbeba mtu huku unatazama ukuta hakuwezekani. Aliinama, akamtia mama mkwe wake mikononi, akamtoa nje mvuani. Chini ya mtandio mama alikuwa akilia, na Shamila, aliyeshika miguu yake, alijua kwamba si nyonga iliyokuwa ikimliza.

Hospitali walisema nyonga imevunjika, na kwa umri wake asitegemee kutembea kama zamani. Majidi alikuja. Shamila alijiandaa kwa makelele, lakini Majidi alikaa tu pembeni ya kitanda, akaushika mkono wa mama.

"Jumatatu napeleka vijana," akasema baadaye. "Tulipatana, mama."

"Tulipatana," mama akasema.

Sabiri hakuingia wodini. Alikaa nje getini kutwa nzima, akampelekea Shamila uji mpaka mlangoni na kurudi.

Majidi alipoondoka, mama alifumbua macho.

"Chumba changu kimesimama?"

"Kimesimama, mama. Hata ufa hakina."

"Baba yako aliukata ule mninga mwenyewe." Akapumua. "Juu yangu pangebeba. Mimi nilingoja aziweke pale. Nilipoona amezipeleka kule, nikasema labda mashariki hapafai, na mimi nikimwuliza nitamwaibisha. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, mama?"

Mama alilifikiria swali hilo, macho darini.

"Kweli," akasema mwishoni. "Mngeniambiaje."

Akageukia ukuta.

Jumatatu asubuhi Sabiri na Shamila walitangulia Kwihara kuokoa vilivyobaki. Paneli moja ilikuwa nzima. Waya wake, alioupitisha juu ya paa kwa kuurusha kutoka ngazini, ulishuka chumbani kwa mama, na sasa udongo ulikuwa umeushika; kuufungua ilibidi Sabiri apande upande wa mashariki. Alisimama kwenye ngazi muda mrefu.

"Hakuna mtu chini," Shamila akamwambia.

"Najua."

Alivua viatu. Akakanyaga, kwanza kwa kidole, kisha kwa unyayo wote, akatembea mpaka mwisho wa paa na kurudi akiukunja waya mkononi. Udongo haukubonyea popote. Alisimama katikati, juu kabisa ya mahali kitanda kilipokuwa, akakanyaga kwa kisigino, mara moja, kwa nguvu. Pakajibu kama mwamba.

Gari la Majidi lilikuwa limekwisha kusimama kwenye uzio. Vijana walishuka na nyundo na majembe. Sabiri akashuka ngazi, akaiondoa ukutani ili isiwazuie.