Kiapo cha Sibiri Mbele ya Ngoni

Sibiri Jara alikwenda kwenye tamasha la vinanda vya ngoni ili aonekane tu. Alfajiri angepanda basi la Abidjan, ambako rafiki yake alikuwa amemshikia kazi ya kuchomelea vyuma, na mtu anayetoroka kwao hana budi kujionyesha ametulia. Hakuwa amemwambia mama yake. Angeanzia wapi? Wanawe wakubwa watatu walikwishaondoka, wakabaki kutuma salamu.

Basi akaketi uwanjani, nyuma ya soko la Segu, benchi la mbele kabisa, amebanwa kati ya mama yake na jirani yao Madu Tarawele, mahali ambapo hata ukijikuna mtaa mzima unaona.

"Sogea, mla kunde," Madu akamwambia. "Nyinyi akina Jara mkishazishiba mnajaza benchi zima."

"Nyamaza, mtumwa wangu. Ningejua una domo hivyo nisingekununua."

Watu wakacheka. Utani wa koo hizo mbili ni wa tangu mababu, na siku nyingine Sibiri angeuendeleza mpaka jioni. Leo aliishia hapo.

Mbele yao walikaa akina Sumano, wajeli, ukoo unaotunza nasaba za wenzao. Walikuwa na ngoni saba, vinanda vya nyuzi vilivyowambwa ngozi, vidogo vikilia juujuu na kile kikubwa kikinguruma hadi kifuani. Fode Sumano, mkubwa wao, akabadilisha mdundo. Ulikuwa wimbo wa akina Jara. Ukipigiwa wimbo wa ukoo wako huwezi kuinuka ukaenda zako, labda uwe huna haya.

Tenin, mke wa Fode, akaja na kipaza sauti mpaka miguuni pa Sibiri.

"Sibiri! Mwana wa Batoma!"

Akawataja babu zake, yule aliyesimama vitani wenzake walipokimbia, na yule aliyebaki kijijini mwaka wa njaa. Kisha akageukia nyumba yenyewe. "Aliondoka Nci! Akaondoka Zan! Akaondoka Ngolo! Nani alimtekea Batoma maji? Nani aliziba paa lake?"

Sibiri akamtazama mama yake. Bi Batoma alikuwa ameinama, anavitazama vidole vyake. Anajua! Kuna mbea aliyemwambia, naye amekwenda kunishitaki kwa wajeli! Hasira ikampanda, halafu aibu ikaifunika. Nyuma yake watu walikuwa wamejaa hadi ukutani, hapakuwa na pa kupita.

"Na leo, Sibiri," Tenin akaimba, akiinua mkono, sauti za ngoni zikashuka. "Na leo..."

Sibiri hakumngoja amalize. Bora aseme mwenyewe kuliko kuitwa mtoro mbele ya mtaa. Akasimama.

"Siendi popote!" akapaza sauti. "Mbele yenu wajeli naapa, maadamu mama yangu yu hai, mimi sihami Segu!"

Mkono wa Tenin ukabaki hewani. Fode akakosea nyuzi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Lakini neno ukishalitoa mbele ya jeli ni lazima alipokee, na akishalipokea halirudi. Fode akapiga kwa nguvu, na Tenin akakirudia kiapo chote kwa sauti kubwa, neno kwa neno, bila kumtazama Sibiri usoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Madu akamkumbatia nusura amvunje mbavu.

Alipoketi, mama yake alikuwa analia.

"Usilie, mama. Si nimesema nabaki?"

"Kwani nani alikuzuia?" Alisema polepole, watu wasisikie. "Safari yako niliijua, na jana nilimpelekea Tenin zawadi ya njugu za kola. Nikamwambia, mwanangu anaona haya kuniaga, mtajie wema wake kwanza, halafu mwombee safari njema. Ndiyo kwanza alikuwa anaifikia dua."

Sibiri akamwangalia Tenin. Alikuwa amekwishahamia kwa watu wengine, na ngoni zilikuwa kwenye wimbo wa ukoo mwingine.

"Nitamfuata, mama. Nitamweleza nilikosea."

"Umweleze nini? Amelipokea neno lako, na Segu nzima imesikia." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. "Umeapa mpaka nife, Sibiri. Sasa kila asubuhi nikitoka chumbani ningali hai, utanitazama kwa jicho gani?"