Wanarudi Wakiomba Ruhusa

Kiwanda cha magodoro kilipotaka kupima faida ya ushirikiano wake na nyumba yetu, kilimtuma binti yangu.

Nyumba yetu ni ya wagonjwa wasio na ndugu, wale walioshindikana hospitali. Tunawaosha, tunawageuza, tunakaa nao mpaka mwisho. Kiwanda kilitupa magodoro, kikawa kinamlipa muuguzi wetu, na mara kwa mara kikaleta wafanyakazi wake kujitolea. Mkataba usipoongezwa muuguzi anaondoka, na bila muuguzi haturuhusiwi kufungua mlango. Binti yangu alilijua hilo kabla hajaketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo wewe ni mwanangu au mkaguzi?"

"Mkaguzi. Nilimwambia bosi wewe ni mama yangu. Akasema ndiyo vizuri, hutanidanganya."

"Basi uliza."

Akafungua kompyuta. "Mgonjwa akitoka hapa, hali yake inakuwa imebadilikaje?"

"Amekufa."

"Mama, nipe kitu cha kuandika."

"Amekufa msafi, na mtu amemshika mkono. Andika."

Chumba cha pili muuguzi alicheka. Binti yangu anamwita mama mdogo tangu anavaa sare ya shule.

Nikamwambia sasa anieleze upande wa kiwanda, maana ushirikiano una pande mbili na diploma yangu ya uongozi sikuiokota njiani. Akasema wafanyakazi wanaopelekwa kupanda miti hurudi wanataniana, na kazi inakwenda mbio. Wanaotoka kwetu hurudi wakiomba ruhusa.

"Ruhusa ya kwenda wapi?"

"Kwao. Kuwaona wazazi. Mshonaji mmoja wa foronya alikwenda kwa baba yake, na walikuwa hawasemezani. Akakaa huko wiki nzima. Mashine yake ililala."

"Hiyo si faida?"

"Kwake ni faida. Kwa kiwanda ni siku za kazi zilizopotea."

"Na kwako?"

Akatazama dirishani. "Nimejaribu kila njia, mama. Nikiigeuza iwe faida ya kiwanda, nitakuwa nimedanganya kwa sababu ni wewe. Na wewe ndiye uliyenichapa nilipojiongezea alama kwenye ripoti ya shule."

"Kwa hiyo unapendekeza wasiongeze mkataba."

"Ndiyo."

Maneno makali ninayo, na siku hiyo yalikuwa mdomoni tayari. Lakini niliona hajaifunga kompyuta, anangoja niseme.

"Ipeleke hivyohivyo," nikasema.

"Umenikasirikia?"

"Ningekasirika kama ungenificha. Nenda, gari la watu linakusubiri."

Akanikumbatia upesi, akatoka bila kuchungulia chumba cha pili.

Mimi nikaingia. Muuguzi alikuwa anamgeuza mzee mmoja, nikamshikia miguu. Tulipokwisha kumlaza vizuri nikamweleza yote, moja kwa moja, kwa kuwa kuzungushazungusha sijui. Alisikiliza huku anakunja shuka chafu, pembe kwa pembe, kana kwamba linarudi kabatini.

"Mtoto amekula?" akauliza.

"Hapana. Ameondoka."

"Ungeniita. Nilimwekea chakula."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda, miguuni pa yule mzee.