Nahodha Aliyejiweka Benchi

Msimu ule timu ya chuo chetu ilicheza mechi kumi na nne na kushinda moja tu, na hiyo moja wapinzani walifika saba kwa sababu basi lao liliharibika njiani. Tulifungwa magoli thelathini na manane. Najua idadi kwa sababu mimi ndiye golikipa, na yote niliyaokota wavuni kwa mikono yangu. Wanafunzi wenzetu walitubandika jina la "Karibu Ndani". Mama wa kantini alikuwa akitupakulia chakula huku akitupa pole kama watu waliofiwa.

Nahodha wetu tulimwita Bosi. Alikuwa mwaka wa tatu, anasomea ualimu, mtu wa watu, mwenye sauti ya kusikika uwanja mzima. Alicheza beki wa kati. Ila miguu ilikuwa imemgomea. Mshambuliaji akishampita, Bosi hugeuka taratibu kama lori linalotafuta mahali pa kugeuzia. Sote tuliliona hilo, na hakuna aliyefungua kinywa, maana tulimpenda.

Mechi ya mwisho Bosi aliikosa kwa sababu ya kadi. Akaingia Kimya, wa mwaka wa kwanza, ambaye haongei hata akikanyagwa. Tulikuwa tunacheza na vinara wa ligi. Tukatoka sare bila kufungana, na kwa mara ya kwanza nilirudi bwenini na nguvu za kuoga.

Jumatatu kocha, ambaye ndiye mwalimu wetu wa kemia, alituita maabara. Akaandika ubaoni: "Kwa nini tulifungwa msimu mzima?" Tukaanza kumwaga sababu. Refa. Mashimo uwanjani. Mvua. Mwalimu akaziandika zote bila kubisha. Kisha Bosi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, niandike na mimi."

"Sababu yako ipi?"

"Mimi ndiyo sababu. Juzi nimekaa pembeni, nimeona. Kimya anaufikia mpira kabla mimi sijaamua kama niende au nibaki."

Mwalimu akaweka chaki chini. "Umebakiza mwaka mzima hapa."

"Najua. Lakini mwakani namba yangu ni yake."

Kimya akainuka, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Kaka, mpira nauweza. Kelele siziwezi. Nikiona mtu ameachwa peke yake nataka kusema, mdomo unagoma. Muulize kipa."

Ilikuwa kweli. Dakika tisini aliniambia neno moja, "samahani," tena baada ya kunigonga.

"Kelele nitakufundisha," Bosi akasema.

Wiki ile kila jioni walikuwa nyuma ya karakana, mmoja huku, mwingine kule, Kimya akiita "Rudi!" na "Mbele yako!" Siku ya kwanza hata mimi niliyekuwa hatua tano sikusikia. Ijumaa mlinzi alikuja mbio kuuliza nani anapigana. Mwalimu akaanza kuota mwakani tushike nafasi ya sita, kisha ya nne. Tukamwomba apunguze.

Likabaki jambo moja, Bosi kumwambia baba yake. Bosi aliniomba nimsindikize. Mzee ni fundi cherehani. Tulimkuta ameinamia suruali.

"Baba, mwakani sitaanza kwenye timu. Nimemwachia mwenzangu, ananizidi."

Mzee akamaliza pindo, akakata uzi kwa meno. "Nilikuja kuwatazama mara mbili. Sikutaka kukuambia."

"Kumbe ulijua?"

"Mwanangu, hata muuza maji aliyesimama karibu yangu alijua."

Bosi alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika meza, nami nikafuata. Mzee akachukua futi yake shingoni.

"Huyo mwenzako ana mwili gani? Jezi zenu zinawaning'inia kama mapazia. Mlete nimpime."