Alama za Mtaa Wetu

Kazi yangu ilikuwa kupima fahari. Usicheke. Michezo mikubwa ilipokwisha na wageni kwenda zao, wakubwa wa jiji walitaka kujua wananchi wanajivunia mji wao kiasi gani, kuanzia moja hadi kumi. Sisi wadodosaji tukamwagwa mitaani na simu zetu, tugonge milango. Msimamizi wetu, tuliyembandika jina la Bwana Wastani, hakutuficha kitu. Wastani ukizidi nane, jiji litaomba michezo irudi. Ikirudi, uwanja utapanuliwa, na upande wa kupanulia ni mmoja tu: mtaa wetu.

Sheria inakataza kudodosa watu wa mtaa wako. Lakini mwenzangu aliyepangiwa mtaa wetu aliugua, na Bwana Wastani akanitupia kazi yake bila kuuliza ninaishi wapi. Nami nikauchuna. Nilijua watu wetu watasema nini. Wakati wa michezo tulifungiwa barabara, maji yetu yakapelekwa hotelini, na genge la mama la kuuzia mboga likang'olewa, eti linaharibu sura ya mji. Nilitegemea mbili, tatu, na matusi juu yake.

Fundi cherehani alinipa kumi kabla sijamaliza swali. Muuza mkaa, kumi. Mjane wa nyumba ya kona, ambaye hajapata kumsifu hata marehemu mumewe, alitoa tisa, kisha akaniita nirudi aongeze moja. Kufikia alasiri miguu ilikuwa inawaka moto na hasira imenipanda. Nikajiambia watu hawa wamerogwa. Nikabonyeza kutuma, majibu yote yakaenda.

Nyumbani nilimkuta mama anakunja nguo. Hata viatu sijavua, akauliza kama majirani walinipokea vizuri. Nilimwambia wamenipa kumi tupu, na uso wake ukakunjuka jinsi ambavyo sijapata kuuona tangu genge ling'olewe.

"Nilipita kwao jana, uliponiambia utazunguka mtaani kwetu," akasema. "Niliwaambia mwanangu amepata kazi baada ya kusota miaka yote ile, sasa anapita kupewa alama. Wasimwangushe."

Nikakaa sakafuni. Walidhani alama ni zangu. Mtaa mzima ulikuwa umenibeba mgongoni, na mimi nimeupeleka kuvunjwa. Nilimweleza mama polepole kumi ile ina maana gani, na uwanja utapanukia wapi. Alinisikiliza na shati mkononi, hakulikunja tena.

Nilimpigia Bwana Wastani, nikakiri kwamba ninaishi mtaa ule na majibu yote ni ya kunihurumia mimi. Alishusha pumzi, naye amechoka. Akasema yeye hapokei sababu, anapokea namba. Mtu haulizwi mara mbili. Na kesho nisijisumbue kuja. Unga wangu ukamwagika hivyo hivyo, bila kelele.

Mama akavaa kandambili. Akasema ni lazima watu waambiwe leo, na atawaambia yeye mwenyewe, maana yeye ndiye aliyewatuma. Nilikuwa hoi, lakini nikamfuata.

Fundi cherehani alikuwa anafunga kibanda chake. Alipotuona akaacha.

"Vipi dada, binti amefaulu?"

Mama alifungua mdomo. Nilisubiri aseme.

"Amefaulu," akajibu, macho kwenye kandambili zake. Fundi akapiga makofi, akageuka kuwaita majirani waje wasikie.