Mstari Mmoja kwenye Leseni

Mwangangi alikuwa amestaafu kazi ya kuwatahini marubani, akarudi Kithimani kufuga mbuzi. Siku moja ya mwaka wa 2004 aliingia duka la dawa za mifugo kutafuta dawa ya kupe, akamkuta Nzisa nyuma ya kaunta. Alimtambua kwa sauti. Miaka minane nyuma alikuwa amemtahini kwenye ndege ya abiria thelathini, na mikono ya msichana yule ilikuwa mitulivu kuliko ya wengi aliowapitisha.

"Siku hizi unarusha ndege gani?" aliuliza.

"Niliacha, mzee. Ule mstari wako ulinimaliza."

Hakuelewa. Nzisa akamkumbusha: kwenye leseni, kando ya jina la ndege ile, alikuwa ameandika kwamba airushe akiwa msaidizi wa rubani tu. Miaka mitatu alikalia kiti cha kulia, cha msaidizi, akiona vijana waliokuja nyuma yake wakifanywa makapteni. Mwisho akajiambia, kama mtahini mwenyewe ameona sifai, nang'ang'ania nini?

Mwangangi alisogea karibu na kaunta. "Lakini hukufeli! Kampuni yenu ilikulipia mafunzo ya kiti cha kulia peke yake, ndiyo maana nikaandika vile. Ungeongeza mazoezi ya kapteni, utahiniwe tena, mstari ufutwe. Kazi ya wiki mbili!"

Nzisa aliacha kupanga chupa. "Wiki mbili?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka kukuuliza. Ulinipa karatasi ukiwa umesimama, ukaangalia saa, ukaenda."

Ilikuwa kweli. Hata hakukumbuka alikuwa akikimbilia wapi. Alianza kusema kwamba bado anajua watu, kwamba anaweza kuandika barua. Nzisa akatikisa kichwa.

"Leseni iliisha zamani. Sasa niko na watoto wawili na hili duka. Nianzie wapi?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Mwangangi zaidi.

Nzisa alimpimia dawa, akamweleza kiasi cha kuchanganya na maji, akamwandikia kwenye kikaratasi. "Haya, niambie nimesema nini."

Mwangangi alirudia neno kwa neno kama mwanafunzi. Alitaka kuomba msamaha, lakini mteja mwingine alikuwa ameshaingia na Nzisa akamgeukia. Mwangangi akasimama mlangoni kitambo, kisha akashika njia ya nyumbani.