Sarufi Alipokuja Kuomba Kazi

Usiku wa kuamkia Jumatatu niliota kwamba masomo yamekuja nyumbani kwetu kuomba kazi. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimekula kitu kizito. Nilikula ugali na mchicha kama kawaida, nikalala.

Kwanza nieleze hali yetu. Mimi ni Mwachofi, fundi wa friji hapa Voi. Mke wangu, Mghoi, ni muuguzi. Tuna binti mmoja, Wakesho, mwenye miaka tisa na kigugumizi. Mwaka jana mwalimu wake alimsimamisha mbele ya darasa asome aya moja kwa sauti. Alikwama kwenye neno la kwanza. Darasa likacheka, na mwalimu akacheka nalo. Tangu siku hiyo Wakesho hakufungua mdomo shuleni, na kidogo kidogo hata nyumbani akawa anatujibu kwa kutikisa kichwa. Tukamtoa. Tukaamua kumfundisha wenyewe, na kwa kuwa friji za watu zinaweza kungoja hadi alasiri, mwalimu wa asubuhi ni mimi.

Hesabu tunaelewana vizuri. Kinachonishinda ni Kiswahili. Nilikuwa nimekusanya vitabu vinne: cha imla, cha ufahamu, cha insha na cha sarufi. Jumapili nzima nilivikodolea macho nisijue tuanze na kipi. Mghoi aliniambia, "Baba Wakesho, chagua kimoja tu, mtoto asije akachoka." Nikalala bila kuchagua.

Ndotoni ni saa nne asubuhi. Nimekaa kwenye meza yetu ya kulia. Nje ya mlango kuna benchi refu ambalo hatuna, na waombaji wanne wameketi, kila mmoja na bahasha ya kaki mapajani. Mimi ndiye ninayewahoji. Mtu fulani ameniandalia chai yenye sukari nyingi.

"Aingie wa kwanza," nasema, kama niliyezoea.

Anaingia Imla. Ni mdomo mtupu uliovaa koti.

"Unafundishaje?" namuuliza.

"Ninasema mara mbili. Ninasema mara mbili."

"Na mtoto asiposikia?"

"Sirudii. Sirudii."

Nikaandika kwenye karatasi: hapana.

Wa pili alikuwa Ufahamu, mama mnene aliyebeba kifungu cha habari kichwani kama mzigo wa kuni. Nilimuuliza jina. Akakitua, akakipekua, akasema, "Kulingana na kifungu, naitwa Ufahamu." Nikamuuliza kama amekuja kwa miguu au kwa gari. Akapekua tena kwa muda mrefu. "Kifungu hakisemi," akajibu, na machozi yakamlengalenga. Nilimwonea huruma, lakini sikumwajiri.

Insha alikuja vipande vipande. Utangulizi aliingia akasalimia, akauliza habari za mvua, za mifugo na za ukoo wa mama yangu. Mwili wake ulikwama mlangoni kwa unene.

"Na hitimisho liko wapi?" nikauliza.

"Liko njiani," akasema Utangulizi. "Mara nyingi huchelewa."

Wa nne hakungoja kuitwa. Aliingia mwanamke mwembamba, nguo zimenyooka kwa pasi hadi ungeweza kukatia mkate, kalamu nyekundu sikioni. Alitazama kiti kilivyokaa upande, akakinyoosha, ndipo akaketi.

"Mimi ni Sarufi," akasema. "Mzazi, sisemi sana. Nipe sentensi moja nikuonyeshe kazi."

Nikatazama dirishani. Wakesho alikuwa uani, amechuchumaa na gauni lake la manjano, anawasimulia kuku wetu jambo refu. Sauti yake ilikuja hadi ndani. Kwa kuku hakwami kabisa.

"Mtoto wangu anaongea," nikasema. Nilifurahi kusema hivyo.

"Sentensi safi," akasema Sarufi. Akaiandika hewani kwa wino mwekundu. "Tunaanza na kukanusha. *Mtoto wangu haongei.*"

Uani pakanyamaza.

Ninageuka. Wakesho bado amechuchumaa. Mdomo wake unafunguka na kufungika, lakini hakuna kitu kinachotoka. Kuku wanamtazama, kisha mmoja mmoja wanaondoka zao. Anashika koo kwa mikono miwili na kunitazama kupitia dirisha.

Nilishtuka hadi kalamu ikaniponyoka. "Umefanya nini?"

"Nimekanusha. Sasa wingi. *Watoto wetu hawaongei.*"

Ua ukajaa. Wakesho arobaini, magauni arobaini ya manjano, vinywa arobaini vimefungwa. Wote wananitazama kwa macho yaleyale. Na mlango ukafunguka, wakaingia watu nisiowajua: bwana mwenye mkoba wa ngozi, bibi mwenye ndoo, vijana wawili waliovaa sare za timu ya mpira. Wakajichagulia nafasi kwenye makochi.

"Samahani," nikamwambia bwana wa mkoba, "wewe ni nani?"

"Mimi ni mmoja wa hao 'wetu'," akajibu kwa upole. "Ulisema 'wangu'. Katika wingi inakuwa 'wetu'. Sasa na sisi ni wazazi. Mimi napendekeza mtoto asomee udaktari."

"Hapana, asuke nywele," akasema yule bibi.

Nikamgeukia Sarufi. "Dada yangu, tafadhali. Rudisha umoja. Nataka mtoto wangu mmoja tu."

"Umoja nitakupa," akasema. "Lakini mada inayofuata ni udogo." Akafuta, akaandika upya: *Kitoto changu hakiongei.*

Ua ukawa mtupu.

Nilitoka mbio. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikatafuta kwa vidole karibu na chombo cha maji ya kuku. Nilimwona pale, amesimama kando ya unyoya, hafikii hata urefu wa kijiko cha chai. Gauni lake lilikuwa dogo kama ua la mharagwe. Kuku mwekundu alikuwa amekwisha kuinamisha shingo amchunguze kwa jicho moja. Sijawahi kumfukuza kuku kwa sauti ile. Nilimwokota binti yangu kwa vidole viwili, nikarudi naye ndani.

Nilimkuta Sarufi akifungasha. Kengele ilikuwa inalia mahali fulani ukutani.

"Kipindi kimekwisha," akasema.

"Mrudishe kwanza!"

"Sasa kiko katika ngeli ya KI-VI," akasema, akinionyesha kabati la vyombo. "Kiweke na vikombe, vijiko na visu. Mimi sifanyi marekebisho. Marekebisho hufanywa na mzazi, kwa sauti, mbele ya darasa. Sentensi ileile ya kwanza, bila kosa." Akafungua mlango wa jikoni. "Darasa ni huku. Ukichelewa, inabaki hivyo."

Sikuwa na pa kumbebea. Kikombe changu cha chai kilikuwa kimebaki na chai kidogo sana chini, nikamwingiza humo. Ilimfika vifundoni. "Nisamehe, mwanangu," nikasema, nikapita mlangoni.

Jikoni hapakuwa jikoni. Palikuwa ni lile darasa la mwaka jana. Nililijua kwa ufa wa ubaoni. Kwenye madawati walikaa bwana wa mkoba, bibi wa ndoo, vijana wa mpira, na nyuma kabisa Imla, Ufahamu, na Insha ambaye hitimisho lake lilikuwa bado halijafika. Nilisimama mbele na kikombe changu. Sarufi alikuwa amekaa penye meza ya mwalimu.

"Tunasikiliza," akasema.

Ni maneno matatu tu. Nimeyasema mara elfu katika maisha yangu. Nikafungua mdomo.

"Mmm..." nikasema. "Mmm..."

Halikutoka. Neno lilisimama nyuma ya meno kama gari lililozimika kwenye daraja. Nikahisi uso ukiwaka. Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha darasa zima.

"Mbuzi!" bwana wa mkoba akanimalizia, kwa nia njema kabisa.

"Mbuzi wangu anaongea," Sarufi akaandika.

Mbuzi akatokea kati ya madawati. "Habari za asubuhi," akasema. "Mimi ningependa kukaa dirishani."

"Mmm..." nikajaribu tena, jasho likinitiririka.

"Mkate!" akasema bibi wa ndoo.

"Mkate wangu unaongea," Sarufi akaandika, akiweka upatanisho sawasawa. Mkate mzima ukatua mezani ukaanza kulalamika kuhusu kisu.

"Mwavuli!" "Mtungi!" "Mchungaji!" Wote walitaka kunisaidia. Kila neno walilonipa lilitua darasani na kuanza kuongea, na katika kelele zile nilitambua kitu kilichonishtua kuliko kuku na kuliko wingi. Hivi ndivyo ninavyomfanyia Wakesho. Akikwama tu mezani, mimi humalizia. Akisema "ch...", nampa chumvi. Miezi yote hii nimempa chumvi, na sijawahi kungoja nijue kama alitaka chumvi.

Nikainamia kikombe. Alikuwa amesimama kwenye chai, mikono imeshika ukingo. Nilikumbuka kwamba sentensi inasema hakiongei. Lakini alikuwa anapiga kidole chake kwenye ukingo wa kikombe, taratibu, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Akanyoosha mkono kunionyesha mdomo wangu. Kisha akatandaza mikono yote miwili, kuonyesha kitu kipana.

Nilielewa. Alikuwa ananiambia nisikimbie ile herufi. Niingie, nikae.

Nikaingia ndani ya M.

Ndani mlikuwa na ubaridi na utulivu. Ni herufi pana kuliko inavyoonekana kwa nje. Palikuwa na nafasi ya kiti, na dirisha dogo katikati ambapo mistari inakutana. Kelele za darasa zilisikika kwa mbali. Niliketi. Hakuna aliyeweza kunimalizia kwa sababu sikuwa nakwenda popote. Nilikaa humo muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Wakati fulani nilimsikia Sarufi akisema, "Muda unakwenda," nikamjibu nikiwa humohumo, "Na uende."

Nilipokuwa tayari, nikatoka kwa mlango wa upande wa pili.

"Mmmmtoto wangu anaongea," nikasema.

Mbuzi, mkate na mchungaji wakageuka kunitazama.

Sarufi alishika kalamu yake nyekundu kwa muda mrefu. "Kuna M nne," akasema.

"Zote ni zangu," nikamwambia.

Akaitazama sentensi. Akainua kalamu, akaishusha. Kwa mara ya kwanza niliona mkono wake hauna uhakika. "Hakuna kanuni inayokataza," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyekuta kitu kipya katika nyumba yake mwenyewe.

Kikombe kikawa kizito ghafla. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilisikia vyombo vikigongana na Mghoi akitembea na viatu vyake vya kazini. Kisha akaita kutoka chumba cha kulia.

"Baba Wakesho! Nani amemwaga chai hapa mezani?"

"Hakuna aliyekunywa chai jana," nikajibu kutoka kitandani. "Sukari iliisha."

"Basi njoo uone."

Nilikwenda. Mke wangu alikuwa ameshika kitambaa, lakini hakuwa amefuta. Ameinama, uso karibu na meza, hapumui. Alama za chai zilitoka katikati ya meza zikaenda hadi ukingoni, mbili mbili, kushoto na kulia, kila moja ndogo kama punje ya mchele. Ukitazama vizuri ungeweza kuhesabu vidole.

"Ni mjusi," Mghoi akasema. Nilijua hakuamini.

Mlango wa chumba cha Wakesho ukafunguka. Alitoka na gauni la kulalia, nywele zimesimama upande mmoja, akatembea kwa visigino kama anayeogopa kuchafua sakafu. Akatutazama sisi wawili tulioinama mezani.

"Baba," akasema.

Mghoi akaacha kitambaa kikaanguka. Ilikuwa wiki ya sita tangu tusikie neno zima kutoka kwake.

"Mmm..." akaanza Wakesho. Nilihisi mdomo wangu ukifunguka, neno likiwa tayari kwenye ulimi, nikaufunga. Tulingoja. Yeye hakuwa na haraka. Alikuwa mahali ninapopafahamu.

"Mmmmiguu yangu inanata," akasema.

Nikaenda kuchota maji. Kipindi chetu cha kwanza cha Kiswahili tulikifanyia kwenye beseni siku hiyo. Nilimwosha miguu, yeye akaongea hadi maji yakapoa, na sikumsahihisha hata mara moja.